Sampuli ya Kukhu Awinja

Babu yangu, Mwalimu Were, ambaye sisi wajukuu tunamwita Kuka, alifundisha hesabu miaka thelathini na miwili, kisha akastaafu. Kengele ya mapumziko ndiyo haikustaafu. Saa nne asubuhi na saa kumi jioni anagonga kikombe kwa kijiko, mara tatu, na boma zima pale Bukura linajua chai inatakiwa. Si uji, si juisi. Chai, yenye tangawizi na maziwa ya ng'ombe wetu anayeitwa Deputi, kama naibu wa mwalimu mkuu, kwa sababu anazunguka boma akikagua na hana rafiki.

Mwaka juzi kiharusi kikamshika. Mkono ukarudi, mguu ukarudi nusu, maneno yakarudi moja moja kama wanafunzi waliochelewa. Koo ndilo halikurudi sawa. Dada wa mazoezi ya kumeza pale hospitalini alitueleza kwamba kitu chepesi kama maji au chai kinateremka haraka kuliko koo la mzee linavyokumbuka kujifunga, basi kinapotea njia na kuingia kwenye mapafu. Kitu kizito kinateremka polepole, koo linapata nafasi ya kujipanga.

"Kwa hiyo chai," akasema, "hapana."

Kukhu Awinja, nyanya yangu, alimtazama yule dada kama mtu aliyeambiwa mume wake amepigwa marufuku kanisani.

Alijaribu yake. Alikoroga unga wa mahindi kwenye chai. Kuka akaonja, akatafuta maneno kwa dakika nzima, akasema, "Uji... umevaa... koti." Akasukuma kikombe. Siku ya pili ulikuwa unga wa muhogo. "Gundi," akasema, na hilo lilitoka haraka. Akaanza kukonda mpaka saa yake ya mkononi ikawa inapanda hadi kwenye kiwiko.

Aliyetuokoa ni shangazi Beverly, muuguzi kule Ujerumani. Alikuja Krismasi na makopo manne ya unga mweupe usio na ladha wala harufu. Unaweka vijiko viwili kwenye kikombe, unakoroga, unahesabu hadi sitini, na chai inakuwa nzito kama asali huku imebaki chai, rangi yake ile ile, tangawizi yake ile ile. Kuka alikunywa kikombe cha kwanza kwa kijiko, macho ameyafunga. Alipomaliza akagonga mara tatu. Ilikuwa saa tano na robo, si saa ya mapumziko kwa ratiba yoyote ile, na hakuna aliyebisha.

Mimi nikaubatiza ule unga simiti. Naitwa Ashley, nina miaka ishirini na miwili, na nilimaliza kidato cha nne kwa alama ambazo mwalimu wa darasa alisema zinaonyesha uwezo mkubwa wa kuongea. Nikaajiriwa penye kuongea, kwa Phineas Shikanga, wakala wa forodha, ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la mbolea mjini Kakamega. Mzee Shikanga alitoa mizigo mpakani Busia miaka ishirini. Anakijua kitabu cha ushuru kama wengine wanavyojua kitabu cha nyimbo. Anaweza kukifungua popote na kuanza kuimba.

Kufikia Mei kopo la nne lilikuwa linalia ukilikwangua. Tulizunguka famasi za mjini zote, tukauziwa pole. Shangazi akatuma makopo ishirini na manne kwa ndege, ya mwaka mzima, na mengine ya majirani wawili wenye koo kama la Kuka. Mzigo ukatua Eldoret, ukaingia ghala la forodha, ukakaa.

Mzee Shikanga akanirushia faili. "Ni mzigo wa babu yako. Tafuta namba."

Namba ndiyo kazi yetu. Kila kitu kinachovuka mpaka, kuanzia sindano hadi trekta, kina namba yake kwenye kile kitabu kinene. Namba inasema utalipa ushuru gani, utaomba kibali kwa nani, na utangoja mpaka lini. Ukikosa namba, huna mzigo, una picha ya mzigo.

Ndani ya faili kulikuwa na barua ya afisa anayeitwa Jepkoech. Fupi, safi, haina tabasamu. Karatasi za mtumaji zinasema bidhaa hii ni ya wagonjwa wa kiharusi. Je, ni dawa? Kama ni dawa, leteni kibali cha dawa. Kama si dawa, elezeni ni nini, na mlete sampuli pamoja na maelezo ya matumizi.

Kibali cha dawa kingechukua wiki, labda miezi. Kufikia kesho yake kopo la Bukura lingebaki na vijiko sita. Nilihesabu mwenyewe. Vikombe vitatu.

Mchana Mzee Shikanga akanipeleka kwenye kibanda cha Mama Nanjala, kwa sababu yeye hafikiri akiwa na njaa. Nikamwambia nilichokipata.

"Mzee, naona milango mitatu. Wa kwanza, dawa. Wa pili, wanga, kwa sababu kopo linasema ndani mna wanga wa mahindi. Wa tatu ni fungu la ishirini na moja sifuri sita, vyakula vilivyotayarishwa, visivyotajwa wala kujumuishwa kwingineko."

Mama Nanjala alikuwa anaweka sahani. "Visivyo nini?"

"Visivyotajwa wala kujumuishwa kwingineko."

"Kama mimi kwa urithi wa baba yangu," akasema, akaenda zake.

"Na usije ukaandika simiti kwenye fomu," Mzee Shikanga akasema. "Watatupeleka upande wa vifaa vya ujenzi, nikuache huko." Akaelekeza kidole kwenye sahani. "Hii ni nini?"

"Ingokho na obusuma."

"Taja kimoja."

"Ingokho."

"Kwa nini? Obusuma ndio mwingi. Angalia huo mlima wa ugali."

"Mzee, hakuna mtu amewahi kuvuka barabara kwa ajili ya obusuma. Watu wanafuata kuku."

"Basi umemaliza shule." Akanawa mikono. "Kitu kikiwa mchanganyiko, usiulize kilicho kingi. Uliza kile ambacho kikiondolewa, mtu angebaki nyumbani kwake."

Kisha akachukua firigisi. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mkubwa wa meza, na tangu zamani haijawahi kuwa ya mwanamke. Nilimwangalia akitafuna.

"Usinitolee macho," akasema. "Ukiitaka sana, itafutie namba."

Jioni nikampigia Kukhu simu. "Kukhu, kesho alfajiri napita hapo. Nifungie sampuli ya simiti ya Kuka, kidogo tu. Afisa wa Eldoret anataka kuiona ndio aachilie makopo."

"Ni mwanamume ama mwanamke?"

"Mwanamke. Anaitwa Jepkoech."

"Ameolewa?"

"Kukhu, mimi nitajuaje?"

"Sawa. Wewe kuja tu. Nitatengeneza."

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeuliza anatengeneza nini. Mimi nilikuwa nafikiria nitavaa nini.

Alfajiri nilimkuta ameshaamka zamani. Kuka alikuwa amekaa mlangoni na koti lake la ualimu, ameshika kikombe kitupu kwenye paja. Kukhu akanikabidhi kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa cha meza, kile chenye maua, cha wageni.

"Usiinamishe," akasema.

Kilikuwa kizito. Nikajua ameniwekea ndizi za njiani, maana huyu mama haamini kwamba Eldoret kuna chakula. Kuka akainua kikombe chake kidogo, vile watu huinua kofia. Nami nikampigia saluti, tukacheka, nikaondoka.

Saa nne na nusu nilikuwa mbele ya meza ya afisa Jepkoech. Ni mama wa makamo, miwani kwenye kamba, kalamu tatu zimepangwa kwa urefu. Nikatoa barua yangu, nikatoa orodha ya viambato ambayo shangazi Beverly alikuwa ameitafsiri kutoka Kijerumani, nikasema kwa sauti ya ofisini, "Na hii hapa, Madam, ni sampuli."

Nikafunua kitambaa.

Ndani mlikuwa na chupa ya chai, ile kubwa ya Kukhu yenye picha ya tausi. Kikombe na sahani yake. Kijiko. Na kando, ndani ya majani ya ndizi, kitu ambacho harufu yake ilifika mezani kabla yangu.

Afisa Jepkoech akavaa miwani. "Hii ni sampuli?"

"Ndiyo, Madam." Nilikuwa nimeshaanza, ningerudi nyuma wapi?

"Inatoa mvuke."

"Ni... imetayarishwa, Madam."

Akafunua majani ya ndizi kwa ncha ya kalamu. Paja la kuku, obusuma uliofinyangwa vizuri, na juu kabisa, imekaa kama mwenyekiti wa mkutano, firigisi.

"Na hii?"

"Hiyo, Madam, si sampuli."

"Najua si sampuli. Hii ni hongo yenye mifupa." Akaifunika, akaisukuma upande wangu. "Rudisha nyumbani. Sasa nipe unga."

Nikapekua kikapu mpaka chini. Hakukuwa na unga. Nikampigia Kukhu hapo hapo, na kwa haraka yangu nikabonyeza spika.

"Kukhu, unga uko wapi?"

"Uko ndani ya chai."

"Wote?"

"Wote. Ilikuwa ya vikombe vitatu. Nikaona nikitoa kimoja, mgeni atafikiria tunampimia."

"Na Kuka atakunywa nini?"

Nilimsikia Deputi akilia kwa mbali.

"Mimi nilimuuliza. Akasema, afisa kwanza. Hata firigisi ni yake, amesema umpelekee."

"Kukhu, walitaka unga! Unga mkavu!"

"Mukhana wanje, binti yangu, unaongea nini? Mimi nimtumie mtu unga mkavu? Si hiyo ni kumwambia aende ajipikie? Mtu ametoka kwake asubuhi kuangalia mambo ya mume wangu, halafu nimpe unga kwa karatasi kama mbegu ya sukuma wiki? Sisi hatupeananga unga mkavu. Huyo afisa amekunywa? Mwambie akoroge tena, imekaa sana njiani."

"Amekusikia, Kukhu," nikasema.

"Habari yako, mama," afisa Jepkoech akasema.

"Mzuri sana! Umeolewa?"

Nikakata simu.

Nilikuwa nimejaa mizaha maisha yangu yote, na siku ile mfuko ulikuwa mtupu. Nilikuwa nawaza jambo moja tu. Saa nne ilikuwa imeshapita. Kuka alikuwa ameshagonga kikombe, mara tatu, na hakukuwa na kitu cha kuweka ndani. Saa kumi angegonga tena.

"Mama yangu angekuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando," afisa Jepkoech akasema, si kwangu hasa. Akavuta daftari la sampuli, akafikiria, akaandika huku akisoma kwa sauti, "Imepokelewa, chai, chupa moja, nzito." Akaweka nukta. "Maabara itanicheka mpaka Desemba. Mimina."

Nikamimina. Chai ikatoka kwenye chupa polepole, ikakunjana kikombeni kama utepe. Akainamisha kikombe kushoto, kulia. Chai ikamfuata kwa heshima, haina haraka. Akachota kwa kijiko, akakiinua, akaangalia inavyoanguka.

"Niambie. Huu unga unatibu nini?"

"Hautibu kitu, Madam. Kiharusi kiko pale pale."

"Sasa kwa nini karatasi zinasema wagonjwa?"

"Kwa sababu shangazi yangu ni muuguzi, kwake kila mtu ni mgonjwa." Nikavuta pumzi. "Madam, babu yangu alipewa uji, akakataa. Akapewa chai ya unga wa mahindi, akasema ni uji umevaa koti. Yeye anataka chai. Chai ya kawaida inaingia kifuani. Ukitoa huu unga kwenye hiki kikombe, inabaki chai ambayo hawezi kuinywa. Ukitoa chai, unabaki unga ambao hakuna mtu anautaka. Hanywi dawa. Anakunywa chai yake ya saa nne kama mtu yeyote. Unga unamwezesha tu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Nani alikufundisha kuongea hivyo?"

"Kuku, Madam."

Hakucheka, lakini kalamu moja ilisogea kutoka kwenye mstari.

Akachota tena, safari hii akaonja. Kijiko kimoja, basi. Akakaa nacho mdomoni. "Tangawizi ni nyingi," akasema. Kisha akasimama, akachukua funguo. "Chai siwezi kuipima. Itabidi nifungue kopo moja, ukiwa unaona."

Tukaenda ghalani. Akakata utepe wa boksi, akatoa kopo, akavunja muhuri, akachota unga kwenye mfuko mdogo, akaufunga, akauandika. Halafu akasoma viambato kidole juu ya kila neno, akilinganisha na tafsiri ya shangazi. Wanga wa mahindi uliogeuzwa. Sukari ya mahindi isiyo tamu. Gundi ya chakula.

"Ungekuwa wanga peke yake, una fungu lake, ningekupeleka huko," akasema. "Lakini umechanganywa na vitu viwili, na umechanganywa kwa ajili ya kuliwa. Dawa si dawa. Maziwa si maziwa. Nikitafuta nyumba yake kwenye kitabu, sioni."

"Ishirini na moja sifuri sita," nikasema, taratibu, kama mtu anayemwita paka.

"Ishirini na moja sifuri sita. Kwa sasa. Sampuli inaenda maabara, na majibu yakija tofauti, bosi wako atanijua mimi ni nani."

Mzee Shikanga alilipa ushuru kwa simu bila kuuliza swali, isipokuwa moja. "Chai? Umeenda na *chai*?" Nikamsikia akimsimulia mtu wa duka la mbolea kabla hata hajakata.

Boksi zingefuata kesho yake kwa gari la mizigo. Kopo lililofunguliwa nikapewa mkononi, na chupa ya tausi ikarudi kikapuni. Afisa Jepkoech alifunga kifuniko chake kwa utepe wa gundi, akazungusha mara mbili, akaongeza wa tatu. "Usiinamishe," akasema.

Nilifika Bukura saa kumi na moja na nusu. Jua lilikuwa bado juu ya miwa ya jirani. Kukhu alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono kwenye mapaja, hamenyi kitu, hachambui kitu, na hiyo pekee ilinitisha. Kuka alikuwa mlangoni kama nilivyomwacha.

"Amegonga saa nne," Kukhu akasema bila kuinua uso. "Amegonga saa kumi. Nimempa uji, amekula vijiko viwili kunifurahisha. Ashley, mimi nimeharibu?"

Nilikuwa nimetunga mizaha kumi njiani, mzuri kuliko wote ukihusu kuolewa. Nikaiacha yote. Nikaweka kopo mapajani mwake.

Aliinuka, na sijawahi kuona mama wa miaka sabini na minne akivuka ua vile. Nikasikia sufuria, nikasikia kiberiti, nikasikia Deputi akiambiwa ahame njia.

Nikaketi karibu na Kuka.

"Afisa..." akasema. "Alikunywa?"

"Kijiko kimoja."

"Aka... sema?"

"Tangawizi ni nyingi."

Kuka akaanza kucheka. Kicheko chake siku hizi ni mabega tu, lakini mabega yalikwenda. Kukhu akatoa kichwa jikoni. "Nani amesema tangawizi ni nyingi?"

"Serikali," nikamwambia.

"Na wameandika ni nini, huo unga?"

"Chakula kilichotayarishwa, kisichotajwa wala kujumuishwa kwingineko."

"Hakijatajwa?" Akatoka kabisa, mwiko mkononi. "Hiki ambacho natajanga kila asubuhi nikiomba, kabla hata sijawataja nyinyi?"

Chai ikaja. Tukakoroga, tukahesabu hadi sitini wote watatu kwa pamoja, Kuka akiongoza kwa kidole kama darasani. Kukhu akapasha moto kile chakula cha kwenye majani ya ndizi, akaweka sahani mbele ya mumewe, firigisi juu, mahali pake.

Kuka aliiangalia. Akaichukua kwa mkono ule uliorudi, polepole, ikamponyoka, akaichukua tena. Akaiweka kwenye sahani yangu.

"Afisa," akasema, "kwanza."

Kukhu alivuta pumzi ya mshangao, akamtazama yeye, akanitazama mimi. Halafu akageuka na kuanza kumkagua Deputi kwa makini sana, kama mtu ambaye hajaona lolote.

Nikaila. Ilikuwa ngumu, imepashwa mara mbili, na nilitafuna muda mrefu, jambo lililokuwa zuri kwa sababu sikuweza kuongea. Kando yangu Kuka alikunywa chai yake kijiko kwa kijiko mpaka chini, akafuta mdomo, akainua kijiko, akagonga kikombe mara tatu.

"Hiyo ni ya saa kumi," Kukhu akasema, akinyanyua chupa ya tausi. "Bado ya saa nne."